Nani Kasema Kahawa Lazima Iunguze Ulimi?

Februari, saa tisa alasiri, Magomeni, Dar es Salaam. Nimesimama pembeni ya kijiwe chetu cha kahawa, kikombe mkononi, nakipuliza huku jasho likinishuka mgongoni. Wazee wamejaa kwenye benchi chini ya mwarobaini, ubishi wa Simba na Yanga umepamba moto. Birika liko juu ya jiko la mkaa, linafuka mvuke ambao siku ile hakuna aliyeuhitaji.

Akaja kijana wa bodaboda. Hakuzima hata pikipiki. Akaagiza vikombe vitatu vya kahawa chungu kwa mpigo, kisha akatoa kwenye begi chupa ya maji yaliyogandishwa, ile ambayo katikati bado kuna bonge la barafu na kandokando maji yameanza kuachia. Akamwaga yale yaliyoyeyuka, akamimina kahawa humo kikombe baada ya kikombe, akafunga kizibo, akaitikisa. Barafu ikagonga plastiki, kahawa ikapanda povu. Akanywa nusu chupa kwa pumzi moja.

Benchi likanyamaza.

"Wewe kijana," mzee mmoja akamwambia, "hiyo sasa ni kahawa au dawa ya minyoo?"

"Shikamoo mzee wangu. Jua lenyewe hili, nikinywa ya moto si nitaanguka na abiria?"

"Marahaba. Lakini kahawa umeshaiua."

Muuza kahawa, ambaye kwa kawaida haingilii mazungumzo ya wateja, akasema bila kuinua uso: "Kashatoa mia tatu yake, mzee. Mwache aizike atakavyo."

Watu wakacheka, pikipiki ikaondoka, ubishi wa mpira ukaendelea.

Mimi sikucheka. Nilimwonea wivu.

## Swali lililogoma kuondoka

Kuanzia siku ile, kila nikipuliza kikombe najiuliza: sisi watu wa pwani, wenye joto la kugawa, kwa nini kahawa peke yake tumeiwekea sharti la moto? Dafu tunalitaka la baridi. Ubuyu, ukwaju na miwa tunavitaka na barafu. Soda ya vuguvugu unaweza kumrudishia mwenye duka. Ikifika kahawa, tunakaa juani na kikombe kinachounguza vidole, tunakunja uso, tunasema alhamdulillah.

Nilipowauliza watu nilipata majibu ya aina mbili. Wazee walisema kahawa iliyopoa haina kahawa ndani yake. Vijana walisema kahawa baridi ipo, ila ni mambo ya Masaki, ya kupigia picha.

Majibu yote mawili yalinikera kwa sababu moja: yanachukulia kwamba kahawa baridi ni mgeni.

## "Kitu cha moto hupoza mwili"

Hili ndilo jibu la kijiweni lenye nguvu kuliko yote, na nilitaka kwelikweli liwe la kweli. Unakunywa cha moto, unatoka jasho, jasho linakupoza. Bibi yangu aliamini hivyo na aliishi miaka mingi.

Nikaenda kulitafuta. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, waliwapandisha wanaume kwenye baiskeli za mazoezi na kuwanywesha maji ya viwango tofauti vya joto, kuanzia maji karibu na barafu mpaka ya nyuzi 50. Waliokunywa ya moto walibakiwa na joto dogo zaidi mwilini. Kwa hiyo bibi alikuwa sahihi.

Ila kuna sharti. Jasho lote lazima likauke. Kinachopoza ni ule ukaukaji wenyewe. Jasho linalodondoka chini au kulowanisha shati halijakupunguzia kitu. Hewa ikiwa kavu na upepo ukiwepo, hesabu inakaa sawa. Hewa ikiwa imejaa unyevu, umejiongezea joto la kikombe na jasho limebaki mgongoni.

Sasa niambie, Dar es Salaam mwezi Februari jasho la nani hukauka?

Dodoma ningewakubalia wazee moja kwa moja. Hata hapa, aliyekaa chini ya mwarobaini anapigwa na upepo wa baharini anaweza kuwa na haki yake. Lakini yule kijana mwenye kofia ngumu kichwani na injini kati ya mapaja alijua kitu ambacho benchi halikujua. Hapo nikaanza kushuku kwamba tunakunywa moto kwa sababu ya mazoea tu, halafu sababu tumeitafuta baadaye.

## Kahawa ya elfu tisa

Basi nikaenda upande wa pili wa mji, kwenye mgahawa mmoja wenye kiyoyozi, nikaagiza kahawa ya barafu na maziwa. Elfu tisa. Kwa bei ya kijiweni kwetu hivyo ni vikombe tisini.

Ikaja glasi ndefu, nzuri kuitazama. Barafu mpaka shingoni, maziwa, na kahawa iliyopita humo kwa mbali. Haikuwa mbaya. Ilikuwa baridi na laini, na nilikaa nayo saa nzima. Ila ukinifumba macho ukaniuliza nakunywa nini, ningesema maziwa.

Sababu yake si ngumu. Ulimi uliopozwa huonja kidogo: utamu hupungua, uchungu hupungua, na harufu, ambayo ndiyo nusu ya kahawa, hairuki vizuri kutoka kwenye kitu cha baridi. Kahawa inayotosha kwenye kikombe cha moto ikitiwa kwenye glasi ya barafu na maziwa inazama. Halafu barafu inayeyuka, na kinachobaki kinazama tena.

Ile kahawa ilikuwa arabika ya Kaskazini, ile aina inayosifiwa na wajuzi, waliandika ubaoni kwa fahari. Nilitoka pale na swali la pili: hivi ni baridi inayoua kahawa, au ni aina ya kahawa tunayoitia baridi?

## Joto la chumbani, chumba cha nani?

Nikaamua kutengeneza mwenyewe. Mtandaoni maelekezo yamejaa: loweka kahawa iliyosagwa kwenye maji ya kawaida, iache mezani kwenye joto la chumbani saa 12 mpaka 24, chuja, weka kwenye friji. Hakuna moto, hakuna mashine.

Joto la chumbani. Aliyeandika hivyo chumba chake kina nyuzi 20. Changu usiku wa manane kilikuwa na 29, madirisha wazi na feni inazunguka. Kwenye joto hilo maji huvuta kahawa kwa kasi zaidi, na kwa kuwa hakuna kilichochemshwa, vijidudu navyo havina wa kuvizuia. Mtu wa Njombe mwezi Julai anaweza kuacha jagi mezani akalala usingizi. Sisi wa pwani tuloweke ndani ya friji tangu dakika ya kwanza, saa 12 hadi 18, na umeme ukikatika muda mrefu, uiangalie kwa jicho la mashaka.

Usagaji nao ni mtihani. Kahawa ya unga ya sokoni imesagwa laini kwa ajili ya birika, ichemke na ituame. Ukiiloweka baridi unapata tope linaloziba kitambaa, nawe unabaki kukamua mpaka mikono iume. Nunua buni nzima zilizokaangwa, uzitwange mwenyewe kwenye kinu kwa mapigo mafupi, ziishie ukubwa wa chenga za mchele. Kinu kisiwe kile cha kitunguu saumu, kwa sababu kahawa huvuta harufu ya jirani upesi sana.

Kuchuja, hakuna kilichonisaidia kuliko kipande cha bafta kilichofuliwa bila sabuni yenye manukato. Chujio la chai linaanza, bafta inamaliza.

Kisha maji. Hili halimo kwenye maelekezo ya wenzetu, maana bomba lao halina chumvi. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na kwenye chai yenye sukari na tangawizi unaweza usiitambue. Kwenye kahawa baridi inajitokeza. Na hata ukilowekea maji mazuri, ukatia barafu ya maji ya kisima, ikiyeyuka unakunywa kisima. Mimi sasa nagandisha kahawa yenyewe kwenye vile visahani vya barafu, na glasi haipungui ladha hata ikikaa.

## Kilimanjaro bila maziwa

Nilianza na arabika ya Kilimanjaro, gramu 100 kwa lita moja ya maji.

Bila maziwa, bila sukari, ilinishangaza. Ule uchachu unaokuja na kikombe cha moto ulikuwa umelainika, na nyuma yake kulikuwa na utamu wa zabibu kavu. Mimi ni mtu wa vijiko viwili vya sukari, na hapo sikutafuta hata kimoja.

Ila kilikosekana kitu, na ilinichukua muda kukijua: harufu. Maji baridi huacha nyuma sehemu kubwa ya yale yanayonukia. Wajapani walilitatua hili siku nyingi. Wao hawaloweki, wanaipika kahawa kwa maji ya moto, nzito kuliko kawaida, inadondokea moja kwa moja juu ya barafu. Moto unaitoa harufu, barafu inaikamata kabla haijatoroka. Gramu 30 za kahawa, mililita 300 za maji ya moto, gramu 200 za barafu chini. Hakuna kusubiri mpaka kesho.

Na hapa kuna jambo la kututia haya kidogo. Kule Japani, Kilimanjaro ni jina kubwa la kahawa, wamelifanya la arabika ya Tanzania hata ile isiyotoka mlimani kwenyewe, na Japani ni nchi inayokunywa kahawa baridi bila kuona ajabu. Tangu 1969 kampuni ya UCC imekuwa ikiuza kahawa ya maziwa kwenye kopo. Buni za Moshi na Mbinga zinasafiri bahari mbili kwenda kutiwa barafu na watu wengine, na sisi huku tunabishana kama inaruhusiwa.

Nilijaribu njia yao. Ikanukia mpaka sebuleni. Kisha nikatia maziwa.

Ikazama.

Nikaongeza kahawa, ikawa chachu. Nikaongeza sukari, ikawa maziwa matamu. Nilirudi palepale pa elfu tisa. Kwa kahawa nyeusi ya barafu, arabika yetu sioni wa kushindana nayo. Kwa maziwa, na tuseme ukweli watu wengi huku wakitaka kahawa ya kujiburudisha wanataka ya maziwa, haina ubavu.

Nikakaribia kuwapa wazee ushindi.

## Mama wa Muleba

Rafiki yangu mmoja ni mwenyeji wa Muleba, Kagera. Mama yake alikuja Dar kumwona mjukuu, nikaenda kumsalimu. Kwenye mazungumzo nikataja habari zangu za kahawa, nadhani kwa kujisifu. Akainuka, akarudi na kifurushi kidogo, akanimwagia kiganjani buni kavu, ngumu, nyeusi-kahawia, bado zikiwa na maganda yake.

"Tafuna, mwanangu."

Hizo wenyewe huziita akamwani. Matunda ya kahawa huchumwa, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha huanikwa mpaka yakauke. Mgeni akiingia, ndicho cha kwanza kukaribishwa nacho. Niliuma moja. Ganda likapasuka, ukaja uchungu mkavu wenye harufu ya majani, halafu mate yakaanza kujaa na ule uchungu ukageuka kuwa kitu kingine, kitamu kwa mbali, kinachokaa kwenye fizi.

"Mama, hii haipashwi moto?"

Alicheka mpaka akajifuta macho. "Uipashe ya nini? Moto ilishauona. Hii unatembea nayo."

Nikabaki nimeshika buni kiganjani.

Maana Wahaya, wenyeji wa Kagera, walikuwa wakitafuna kahawa vizazi vingi kabla ya wamisionari kupanda arabika mlimani Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19. Ilikuwa chakula cha heshima. Ilikuwa kiapo pia: waliotaka kuchanjiana waligawana buni mbili za tunda moja, kila mmoja akameza iliyopakwa damu ya mwenzake, wakawa ndugu. Kahawa ya zamani kuliko zote katika nchi hii haikuwa na birika, wala mvuke, wala kikombe cha kuunguza vidole.

Haikuwa ya moto.

Nilipomsimulia mzee mmoja wa pale kijiweni, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Hiyo ni kutafuna. Mimi nazungumzia kunywa." Sawa, mzee. Lakini tangu siku ile hoja kwamba kahawa baridi imeletwa na watu wa kiyoyozi imenitoka kabisa.

## Ile inayodharauliwa

Kahawa ya mama yule ni robusta, aina nyingine na ile arabika. Kwenye mazungumzo ya wajuzi wa kahawa robusta hutajwa kwa kukunja pua: ya viwandani, ya kuchanganyia, chungu. Bei yake kwa kawaida iko chini ya arabika. Hata nilipoitafuta Dar iliyokaangwa nzima, muuzaji mmoja aliniuliza kama nina hakika.

Tazama lakini ilivyo. Kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika. Sukari na mafuta yake ya asili ni kidogo, kwa hiyo ni kavu na nzito mdomoni, na uchungu wake hausukumwi. Kwenye kikombe cha moto inapiga kelele. Na baridi kazi yake ni nini? Kupunguza kelele. Yale yanayoifanya ionekane mbovu kwenye moto ndiyo yanayoiokoa kwenye barafu na maziwa.

Wavietnamu hawakungoja mimi niligundue hilo. Nchi yao ni ya pili duniani kwa kuzalisha kahawa, nyingi sana ikiwa robusta, na kinywaji cha mitaani kwao ni robusta nzito inayodondoka polepole kwenye kichujio cha bati, juu ya maziwa mazito ya kopo yenye sukari, kisha barafu. Maziwa ya kopo yaliingia kwa sababu maziwa mabichi yalikuwa adimu kwenye joto lile. Joto na unyevu wao tunaujua sisi. Hawakuiga maelekezo ya nchi za baridi. Walitazama walichonacho wakatengeneza chao.

Kwa hiyo nikaloweka robusta ya Kagera kwa uzito wa kukusudia: gramu 100 kwa nusu lita tu ya maji, saa 12 ndani ya friji. Isizidi hapo, inaanza kukwaruza koo. Kahawa hunyonya maji karibu mara mbili ya uzito wake, kwa hiyo usishangae ukichuja ukapata mililita 300 hivi. Hiyo ndiyo mali. Hainywewi hivyohivyo, labda uwe na ugomvi na usingizi.

Sukari ya chenga haiyeyuki kwenye baridi. Inakaa chini inakungoja. Hapa sisi wa pwani hatuna cha kujifunza kwa mtu, kwa kuwa shira tumeizaliwa nayo. Nachemsha sukari na maji sawa kwa sawa, naisimamisha mapema iwe nyepesi kuliko ya kaimati, na humo ndani naweka iliki zilizopondwa na tangawizi mbichi. Tangawizi ichemke vizuri. Ukiikamulia mbichi kwenye maziwa ina kimeng'enya kinachoyakata, na moto ndio unaokituliza. Shira ikipoa, chuja, tia kwenye chupa, wiki nzima una amani.

Glasi naipanga hivi: shira vijiko viwili vya chakula chini, barafu za kahawa, maziwa ya baridi yasiyopunguzwa mafuta, halafu robusta naimimina taratibu juu ya barafu. Inashuka ndani ya maziwa kwa michirizi, inasimama kidogo katikati, inaanza kutawanyika. Mimi huikoroga mara mbili tu ili pabaki mahali pachungu na mahali patamu.

Hii sasa ukinifumba macho nitakwambia ni kahawa. Na nitakwambia ni ya pwani, kwa sababu iliki na tangawizi ni zilezile za birika la Magomeni.

Onyo moja kwa wenye moyo wa kwenda mbio: baridi inadanganya. Kikombe cha moto kinakulazimisha uende polepole, glasi ya barafu unaimaliza kabla kafeini haijajitambulisha. Nilimpa mdogo wangu baada ya magharibi. Aliniandikia ujumbe saa nane usiku, hakutumia maneno ya heshima.

## Kwa asiye na subira

Kama huna robusta ya kukaanga wala muda, chukua Africafé, kahawa ya unga inayoyeyuka yenyewe kwenye maji, inayotengenezwa kulekule Kagera, mjini Bukoba. Vijiko viwili vya chai, sukari, maji ya baridi kidogo sana, vyote kwenye chupa ya jamu yenye mfuniko, tikisa kwa nguvu mpaka povu lisimame. Mimina juu ya barafu, ongeza maji au maziwa. Wagiriki wamejenga mazoea ya nchi nzima juu ya njia hii tangu 1957, pale mfanyakazi wa mwakilishi wa Nestlé, wenye Nescafé, aitwaye Dimitris Vakondios, alipokosa maji ya moto kwenye maonyesho ya biashara ya Thessaloniki, akatikisa kahawa yake kwenye chombo cha kinywaji cha chokoleti. Ile kahawa ya povu iliyozagaa mtandaoni 2020 wakati wa korona ni ndugu yake, ila inachapwa na maji ya moto kidogo na inachosha mkono.

Ni nzuri. Si ile ya shira, lakini ni nzuri.

## Mkaa na barafu

Limebaki jambo moja ambalo wazee wamenishinda nalo.

Kahawa ya moto haiharakishwi. Unapuliza, unasikiliza, unachangia neno, unapuliza tena. Kikombe ni kidogo, kinajazwa tena, na hapo kashata ya pili imeshaliwa. Muuza kahawa anauza muda kuliko anavyouza kahawa. Yule kijana wa bodaboda na chupa yake hakukaa hata dakika mbili. Kama kila mtu pale angekunywa vile, benchi lingekuwa tupu.

Kwa muda nilifikiri hilo linamaliza hoja. Halafu nikaanza kuwatazama wasiokaa kwenye benchi. Konda wa daladala. Mama wa mboga anayerudi Kariakoo na mzigo. Fundi juu ya paa. Binti wa saluni ambaye hata akitaka, benchi lile la wanaume hatalikaribia. Hawa wana joto kuliko wale wazee, wana usingizi kuliko wale wazee, na hakuna anayewauzia kahawa wanayoweza kutembea nayo.

Na muuza kahawa wetu si mtu wa kumlaumu. Gharama yake ni mkaa. Ukimwambia aongeze barafu, umempa mzigo wa pili na biashara mbili zinazopigana mkokoteni mmoja. Wanaojua barafu ni wengine: wale wenye madeli vituoni, wauza juisi na maji. Wao barafu wameshainunua alfajiri, chupa wanazo, wateja wenye haraka ndio maisha yao. Kwao kahawa ni chupa chache zaidi ndani ya deli lilelile.

Nikapiga hesabu ya chupa ya mililita 250: robusta, maziwa, shira, chupa yenyewe, sehemu yake ya barafu. Ukiuza elfu moja mia tano unabakiwa na kitu. Kwa elfu moja inabidi upunguze maziwa, na hapo unarudi kwenye ubishi mwingine. Haitashindana na kikombe cha mia, wala si kazi yake. Ila iko mbali sana na elfu tisa.

Jirani yangu anauza juisi ya ukwaju karibu na kituo cha mwendokasi. Juzi nilimpelekea chupa, nikamwacha aonje bila kumwambia habari za Vietnam wala Ottawa. Alikunywa, akaitazama chupa kwenye mwanga, akanywa tena.

"Dada, hii inakaa siku ngapi bila kuharibika?"

Nikamwambia yenye maziwa auze siku hiyohiyo, yaliyobaki asiyalaze. Kahawa yenyewe iliyochujwa, kwenye friji, siku nne tano haina neno, kwa hiyo achanganye asubuhi kadiri ya wateja.

"Na hiyo robusta ya Bukoba naipata wapi kwa bei ya jumla?"

Nikampa namba ya mama wa Muleba.